Maswali ya wasomaji: Anayejitosa, anayeogopa, na anayepandisha dau usiku

Barua tano za safari hii zinagusa jambo moja: hulka ya mtu na namna anavyoikabili hatari. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Habari za kazi. Nina vijana wawili, wa miaka 24 na 21. Wamekula sahani moja na kuchapwa fimbo moja. Mkubwa hata kubadilisha balbu anaita fundi. Mdogo anaendesha bodaboda na mtaa mzima unamjua kwa mwendo. Nikimkanya ananijibu "mama, ajali haina kinga". Amezaliwa hivyo, au kuna mahali nilikosea? – Mama wa wawili, Morogoro

Mama, lawama ziweke kando. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana sana katika jambo hili, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo walikuja nayo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marvin Zuckerman, alianza kuipima hulka ya kutafuta msisimko mwaka 1964. Kipimo chake cha 1978 kina jozi 40 za kauli, na kila mara unachagua moja inayokufaa. Zimegawanywa mafungu manne ya kumi kumi: kupenda mwendo na hatari za mwili, kupenda mambo mageni, kujiachia kwenye starehe, na kuchoka upesi na mambo yaleyale. Utafiti wa mapacha uliochapishwa 1980 ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika hulka hii ni ya kurithi. Watoto wako hawakurithi vinasaba vilevile, kama ambavyo mmoja anaweza kuwa mrefu na mwenzake mfupi. Umri nao una sehemu yake. Msisimko hupanda wakati wa ujana, hufika kileleni karibu na miaka 20, kisha hushuka polepole. Huyo wa miaka 21 yuko juu kabisa ya mlima.

Kupenda msisimko na kutojipanga ni vitu viwili, ingawa mtaani tunaviita kwa jina moja la ukorofi. Wapanda milima wengi hupata alama za juu kwenye fungu la mwendo na hatari, na ndio hao hao wanaokagua kamba mara mbili kabla ya kupanda. Sasa mwangalie kijana wako. Asubuhi anakagua breki na upepo wa tairi? Hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki, anaipeleka kwa wakati? Kama anafanya hayo, tatizo ni msisimko peke yake, na msisimko hutafutiwa pengine pa kwenda: ngumi, mpira wa ushindani, hata kazi ya uokoaji. Kama hata mafuta humwishia njiani na abiria, una mambo mawili mkononi, na la pili linahitaji ratiba na mtu wa kumfuatilia.

Kumtisha kwa kifo hakusaidii sana. Mtu wa hulka hii hushtuka kidogo kwa hatari iliyo mbali, lakini huumia kwa hasara ya karibu. Kwa hiyo mpe hesabu. Kituo hadi sokoni tuseme ni kilomita 4. Akienda kilomita 40 kwa saa atatumia dakika 6, akienda 70 atatumia kama tatu na nusu. Amepata dakika mbili na nusu, na hapo hatujahesabu matuta. Upande wa pili: kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima na akichukua sekunde moja kushtuka, kwa mwendo wa 40 anasimama ndani ya mita 21 hivi. Kwa 70 anahitaji kama mita 51. Mtoto akiruka barabarani mita 30 mbele, wa 40 amesimama kabla ya kumfikia, wa 70 anamfikia akiwa bado kwenye mwendo mkali. Kisha mpe ya fedha. Mfupa wa muundi ukivunjika vibaya huchukua miezi mitatu hadi sita kupona. Kama pikipiki ni ya mkataba na hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 90 ni 900,000, kabla ya hospitali na matengenezo.

Na ile "ajali haina kinga" irekebishe. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni iliyofungwa. Mkanda upite chini ya kidevu, nafasi ibaki ya vidole viwili, basi. Helmeti iliyokwisha kupigwa kishindo iachwe hata kama nje haina ufa, kwa sababu lile povu la ndani likishabonyea halirudi.

La mwisho: usimseme kijiweni. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la watu 306 waliocheza mchezo wa gari kwenye kompyuta. Taa inakuwa ya njano, ukiendelea unapata pointi zaidi, ukigonga ukuta unazipoteza. Vijana walijitosa zaidi wenzao walipokuwa wakiwatazama kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima tofauti hiyo haikuonekana. Kijana wako huenda anaendesha salama akiwa na abiria mama mjamzito, kisha anapaa akitoka kituoni na wenzake. Mkamate akiwa peke yake, ametulia, ameshakula.

Mambo vipi wataalamu. Natunza stoo, nina miaka 29, na kazini haijawahi kupotea hata boliti moja. Lakini mkeka (tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja) ukichanika usiku naongeza dau, naongeza tena, mpaka hela ya kodi ya nyumba inakwenda. Asubuhi najishangaa, maana mimi si mtu wa kujitosa kabisa. Nina haiba mbili? – Mwenye stoo, Mwanza

Haiba unayo moja, ila umeitazama upande mmoja. Mwaka 2001 Stephen Whiteside na Donald Lynam walichambua kile tunachokiita papara wakakuta kimebeba vitu vinne tofauti: kukurupuka ukiwa na hisia chungu, kutofikiri kabla ya kutenda, kutofikisha jambo mwisho, na kutafuta msisimko. Baadaye likaongezwa la tano, kukurupuka kwa furaha. Wewe la pili, la tatu na la nne huna. Ungekuwa nayo stoo ingekuwa imeshakushinda. Ulilonalo ni la kwanza. Ukiwa umetulia, unahesabu boliti. Ukiwa umeumia, mkono unatangulia.

Usituamini hivihivi. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu. Kila dau lililowekwa ndani ya nusu saa baada ya mkeka kuchanika, liwekee alama ya X. Lile ulilopanga mchana, weka duara. Jumlisha fedha za kila upande. Huenda ukakuta maduara ni mengi lakini hela nyingi iko kwenye X. Angalia pia siku mkeka ulipotiki: kama siku hiyo hiyo uliurudisha ushindi wote, lile la tano nalo unalo.

Pia mtu hawi jasiri au mwoga kila mahali. Elke Weber na wenzake walitengeneza kipimo mwaka 2002 kinachouliza hatari kwa nyanja: fedha, afya na usalama, michezo, maadili, na mahusiano na watu. Mtu mmoja hupata alama za juu hapa na za chini pale. Kuna anayeruka na mwamvuli kutoka kwenye ndege ambaye hathubutu kumwomba bosi nyongeza ya mshahara. Uangalifu wako wa stoo ni wa kweli, ila haukulindi usiku wa mechi.

Sasa mkeka wenyewe. Tuchukue mechi kumi, kila moja ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, kwa haki ingekuwa 2.00. Kampuni inakupa tuseme 1.85. Ukizidisha 1.85 mara kumi unapata kama 469.6, kwa hiyo shilingi 1,000 inaahidi kama 469,600. Inang'aa. Lakini uwezekano wa zote kumi kutiki ni 1 kati ya 1,024. Gawanya: kila 1,000 unayoweka inarudi wastani wa kama 459. Mechi moja ingekurudishia 925. Yaani kila mechi unayoongeza, kampuni inakata tena panga lake la asilimia saba na nusu juu ya lililotangulia. Kinachokuchana hasa ni urefu wa mkeka; bahati unaisingizia.

Na ile hisia ya "nimepigwa mara tano, ya sita lazima irudi" ina historia. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wakazidi kumimina fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapoteza mamilioni ya faranga. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia jana.

Hatua, na uzifanye mchana ukiwa mzima, kwa sababu usiku hutaweza. Siku ya mshahara, kodi ilipwe kwanza, saa hiyo hiyo, kwa mwenye nyumba. Futa programu ya kubeti kwenye simu. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujiwekea kikomo au kujifungia akaunti. Chagua muda mrefu, maana wa wiki moja ni wa kujidanganya. Kwenye laini ya simu acha nauli na chakula tu, nyingine iwe mahali pa kuifuata kwa miguu. Mwisho, pata kitu cha kufanya dakika 20 baada ya mechi, kitu cha mwili: kuoga, kutembea, kupiga simu. Hasira ya kufungwa ni kama maji ya moto, hupoa yenyewe ukiyaacha.

Kama umeanza kuwategemea wengine wakuokoe na shida za fedha zilizoletwa na kubeti, unadanganya nyumbani, umejaribu kuacha mara kadhaa ukashindwa na unabeti ili kurudisha iliyopotea, hayo ni manne kati ya dalili tisa ambazo madaktari huzitumia, na manne ndani ya mwaka mmoja yanatosha kuitwa ugonjwa. Unatibika. Nenda idara ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Kwa ninyi wa Mwanza, hospitali ya Bugando wanayo.

Mume wangu anasema wanawake hatufai biashara kubwa kwa sababu tumeumbwa waoga. Kuna ukweli? – Bi. Duka, Nakuru

Kidogo, tena si ule anaoutaka yeye. Mwaka 1999 James Byrnes na wenzake walikusanya tafiti 150. Kwa wastani wanaume walijitosa zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo, ilibadilika kutoka jambo moja hadi jingine na kwa umri, na kwenye mambo mengine haikuonekana kabisa. Wastani wa watu wengi hausemi lolote kuhusu wewe na duka lako. Isitoshe, wanaume walijitosa hata pale ilipokuwa wazi kwamba hasara inawasubiri, na hilo silo la kujivunia dukani.

Salaam. Ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 28. Mwaka jana watatu walishindwa marejesho, na wote ni wale wachangamfu wenye maneno mengi. Kijana mmoja ametuletea fomu ya maswali ya haiba kutoka mtandaoni, anasema itatuonyesha nani wa kumkopesha. Tuitumie? – Mweka hazina, Singida

Msiitumie kukopesha. Sababu ya kwanza ni nyepesi: mtu anayetaka mkopo akiulizwa "Je, wewe ni mwangalifu?" atajibu ndiyo. Maswali haya hufanya kazi kwenye utafiti kwa sababu anayejibu hana anachopoteza.

Mtauliza, je, badala ya maswali tuwape mchezo? Vipo. Kimoja kinachojulikana sana kilitengenezwa na Carl Lejuez na wenzake mwaka 2002. Unaona puto kwenye kompyuta. Kila ukibonyeza linavimba kidogo na senti 5 za dola zinaingia kwenye kibubu cha muda. Unaweza kusimama wakati wowote na kuzihamisha kwenye akiba yako. Likipasuka, za puto hilo zimekwenda. Kwenye toleo linalotumika sana maputo ni 30, kila moja linaweza kupasuka kwa pumzi ya kwanza au ya 128, na kwa wastani hupasuka karibu na ya 64. Watu wengi husimama mapema mno na kuacha fedha mezani. Ni mchezo mzuri, vijana wenu wataupenda. Tatizo lilionekana mwaka 2017, Renato Frey na wenzake walipowapima watu 1,507 kwa vipimo 39 tofauti. Maswali ya hulka yalikubaliana kwa kiasi na yale ya mwenendo halisi wa mtu, na yalibaki yaleyale mtu alipopimwa upya baada ya muda. Michezo haikukubaliana hata yenyewe kwa yenyewe. Jasiri wa puto si lazima awe jasiri wa karata, sembuse wa mkopo.

Kuhusu uchangamfu, mmeona kitu cha kweli lakini mmeshika mkia. Kwenye zile hulka kubwa tano ambazo wanasaikolojia hutumia (uchangamfu, upole, kupenda mambo mapya, wepesi wa wasiwasi, na kujipanga), wachangamfu kweli hujitosa zaidi. Ila linalohusu marejesho ni kujipanga. Mtu anaweza kuwa na maneno mengi na daftari safi. Hao wenu watatu, rudini kwenye kitabu cha hisa muone walikuwa wanachelewa michango kabla ya kukopa au la. Tunaotea jibu, lakini angalieni.

Kitabu hicho ndicho kipimo chenu. Kabla ya mkopo hesabuni wiki 24 zilizopita: amechelewa mara ngapi, ametuma mtu mara ngapi, faini amelipa hapohapo au baada ya kusukumwa. Kisha mwenye ombi aandike mwenyewe majibu ya maswali matatu: atamuuzia nani, kwa bei gani, na atalipaje kama mzigo utalala mwezi mzima. Msimsaidie. Anayefikiri kabla atakuwa na jibu la tatu tayari; asiye nalo ataanza kucheka na kusema "Mungu atasaidia". Mpeni wiki moja akalifikirie. Mkopo wa kwanza uwe sawa na hisa zake, wa pili mara mbili, na ule wa mara tatu uje baada ya miwili kurudi bila deni.

Kuna hatari nyingine ambayo hamkuiuliza, na iko kwenye kikao chenyewe. Mwaka 1961 James Stoner, akiwa mwanafunzi Marekani, aligundua kwamba kundi likijadili jambo la hatari mara nyingi huamua kwa ujasiri zaidi kuliko ambavyo kila mmoja angeamua peke yake. Baadaye ikajulikana kuwa huenda pande zote mbili: kundi lililoelemea woga huzidi kuogopa. Mkianza kwa mwenye sauti kubwa, wengine watamfuata. Kabla ya neno lolote, kila mmoja aandike kiasi ambacho angemkopesha mwombaji, karatasi zikusanywe, zisomwe bila majina. Mjadala uanze hapo.

Shikamooni. Ni fundi cherehani, miaka 34. Nina milioni tatu nyumbani nimeziweka miaka mingi. Kila nikitaka kununua mashine ya ovaloki, ile ya kuzuia kingo za kitambaa zisichanguke, moyo unadunda naziacha. Nifanyeje niwe jasiri? – Fundi mwoga, Tanga

Marahaba. Kubadili hulka ni kazi ya miaka, na huihitaji kwa mashine moja. Kinachokushika ni vitu viwili. Kimoja ni wepesi wako wa wasiwasi, na hicho unacho peke yako. Cha pili tunacho wote: Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kuwa hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha, na mwaka 1992 wakakadiria kwamba inauma kama mara mbili na robo. Jaribu mwenyewe: sarafu inarushwa, ukishindwa unatoa 10,000. Ungetaka ushindi uwe shilingi ngapi ndipo ukubali? Wengi husema 20,000 au zaidi.

Ila umesahau kuwa fedha za nyumbani nazo zimo hatarini. Tukikadiria bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, milioni tatu baada ya miaka mitano zitanunua vitu vya kama milioni 2.47 za leo. Moto, mwizi na shemeji mwenye shida hatujawaweka kwenye hesabu.

Zigawe. Matumizi yako ya miezi mitatu yaende benki na yasiguswe. Mwoga akijua hizo zipo, nusu ya mapigo ya moyo hutulia. Halafu pima kabla ya kununua. Kwa wiki nne andika kila nguo unayopeleka kwa jirani kupigwa ovaloki na unachomlipa. Tuseme ni nguo 15 kwa wiki kwa 500: hiyo ni 30,000 kwa wiki nne. Mashine ya 600,000 itajilipa kwa wiki 80, yaani miezi 18 hivi, kabla ya umeme, uzi na fundi wa matengenezo. Ni muda mrefu, na hapo woga wako una haki. Waulize mafundi wa karibu wangapi wangeleta nguo zao kwako. Wakifika wawili wenye kazi kama yako, muda unashuka hadi kama miezi sita.

Usinunue siku uliyopata moyo ghafla, wala siku uliyogombana na huyo jirani wa ovaloki. Nenda siku nyingine, mchana, na fundi wa mashine pamoja na vipande viwili vya kitambaa, kanga na jinzi. Mashine ikiruka uzi kwenye kimoja wapo, msishangae bei ilivyo rahisi.